Uzoefu wangu: kupigwa picha ya tintaipu Gettysburg

Mtu mweusi anayetaka kupigwa picha ya tintaipu, yaani picha ya kizamani inayopigwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma, kwenye maonyesho ya maisha ya kale, namshauri amwulize mpiga picha, kabla ya kulipa, atamkalisha mbele ya lenzi kwa muda gani. Mimi nilipigwa yangu kwenye maonyesho ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, karibu na Gettysburg, Pennsylvania, na swali hilo ndilo lililoamua ubora wa picha.

Sababu yake ni dawa yenyewe. Kolodioni, majimaji mazito yanayomwagwa juu ya bamba ili lipokee picha, huitikia mwanga wa buluu na haioni kabisa wekundu, kwa hiyo ngozi ya kahawia hutoka nyeusi kuliko ilivyo, ilhali macho ya buluu huonekana meupe. Fundi wangu alilijua hilo vizuri: alinikalisha kivulini nikielekea anga iliyo wazi, akaniegemeza kisogo kwenye chuma cha kuzuia kichwa kisitikisike, kisha akaniongezea muda karibu mara mbili ya aliowapa Wazungu walionitangulia kwenye foleni. Uso wangu ulitoka na mikunjo yake yote, jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa ufundi wa karne ya 19.

Kazi yote hufanyika bamba likiwa bado bichi, kwani likikauka halipokei tena mwanga. Fundi hulimwagia kolodioni, hulizamisha ndani ya nitrati ya fedha kwa dakika tatu hivi, hulipiga picha, kisha hurudi nalo haraka kwenye hema la giza kulisafisha kwa salfeti ya chuma. Baada ya hapo aliniita nitazame bamba likiingia kwenye dawa ya mwisho: sura iliyokuwa na ukungu wa buluu, mwanga na kivuli vikiwa vimebadilishana nafasi, ilijigeuza taratibu mpaka nikajitambua. Kwangu mimi, hapo pekee palitosha kuhalalisha bei, ambayo si ndogo.

Hamilton Smith wa Ohio alipata hataza ya ufundi huu mwaka 1856, na kwa kuwa bamba la chuma lilikuwa la bei rahisi na halikuvunjika kama kioo, askari waliweza kutuma picha nyumbani kwa posta. Kati yao walikuwamo wanajeshi weusi wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini, ambao jumla yao ilikuwa takriban 179,000. Maktaba ya Bunge la Marekani imehifadhi picha za baadhi yao, na hizo ndizo zilizonifanya niitamani yangu.

Nina lalamiko moja: bamba nililopewa ni la alumini iliyopakwa rangi nyeusi, si la chuma, nami ningependa kuambiwa mapema. Picha haina nakala, na hutoka imegeuzwa kama kwenye kioo, hivyo anayevaa nguo yenye maandishi ajue yatasomeka kinyume.