Mbegu za ukoka za pakiti: uzoefu wangu wa kuziba vipara kwenye bustani changa, Mbeya

Nazungumzia mbegu za bermuda, yaani ukoka wenyewe, zilizopakwa ganda la rangi, zile za pakiti za maduka ya pembejeo. Kwa kuziba vipara kwenye ukoka uliooteshwa kwa mbegu zinafaa, ila huku kwetu ni bidhaa ya Oktoba, si ya Juni. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na bermuda huota kwa kusuasua udongo ukiwa chini ya nyuzi 18. Ukimwaga wakati wa baridi zitalala ardhini mpaka sisimizi wazihamishe, halafu lawama zimwangukie muuza duka.

Kasoro kubwa ni uzito. Ganda lile la chokaa na dawa linaweza kuwa karibu nusu ya kilo unayolipia. Mbegu tupu, zisizo na ganda, natumia gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba. Hizi gramu 15 hadi 20. Ganda lina faida yake, kwa sababu mbegu ya ukoka ni ndogo kuliko ufuta na ikiwa tupu upepo unaizoa kirahisi. Soma lebo uone kiwango cha uotaji na tarehe ya kipimo. Ukitilia shaka, weka mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya nyumba yenye joto na uzihesabu baada ya wiki mbili.

Ila kipara huwa na sababu yake, na mbegu haiiondoi. Chomeka bisibisi. Ikigota kabla ya sentimita 5, chini kuna mabaki ya zege au udongo ulioshindiliwa na matoroli ya mafundi, hasa ule mwekundu wa Iringa. Chimbua sentimita 15, toa vifusi, rudisha udongo mzuri. Kwenye udongo mwepesi wa volkano, kama wa Uyole hapa Mbeya, shida ni kinyume chake: maji yanapita upesi na mche unakauka siku moja ya jua kali. Hapo ongeza mboji, debe moja kwa mita mbili za mraba. Samadi mbichi usiithubutu, inakuja na magugu yake. Na kipara kisichozidi sahani kiache. Ukoka wa pembeni utatambaa na kukifunika wenyewe.

Kata nyasi za jirani zibaki sentimita 2 au 3 ili mche upate mwanga. Changanya mbolea ya kupandia ya DAP gramu 10 kwa mita ya mraba kwenye sentimita chache za juu, kisha sawazisha kwa reki. Mbegu zichanganye na mchanga mkavu, sehemu moja kwa nne, tawanya nusu kwa kwenda na nusu kwa kukatiza. Pitisha reki juu juu tu: zikizama zaidi ya milimita 5 nyingi hazitoki. Kandamiza kwa ubao, nyunyiza pumba za mpunga kiasi cha udongo kuonekana bado. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Mpira wa maji wenye kasi unasukumia mbegu zote pembeni, na ndiyo maana vipara vingi vinarudi palepale.

Mvua kubwa za Desemba hufanya kosa hilohilo kwenye mteremko. Ukiwa umechelewa, funika kwa gunia la katani lililopigiliwa vigingi na ulitoe mara miche ikichungulia.

Miche huanza kutoka kati ya siku 7 na 21. Kata mara ya kwanza ikifika sentimita 5, usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu, kwa kisu kikali, maana butu hung'oa. Mbolea ya kukuzia ya CAN weka gramu 10 kwa mita ya mraba baada ya kukata mara mbili. Dawa ya magugu ya 2,4-D isubiri mpaka umekata mara tatu au nne.

Kwa bustani ya nyasi za kikuyu sishauri pakiti hii: kikuyu itaimeza bermuda, na kabla ya hapo utakaa na viraka vya rangi mbili. Chini ya mparachichi, kwenye kivuli, ndiyo usinunue kabisa.