Uzoefu wangu: mtoto wa jicho niliyemlea misimu minne

Nina miaka 64, mwalimu mstaafu, na nina ekari moja na nusu ya zabibu upande wa Hombolo. Naandika kwa ajili ya yule ambaye ameshaambiwa ana mtoto wa jicho, karatasi ya hospitali ameikunja ndani ya Biblia, na kila akiulizwa anajibu "baada ya mavuno". Mimi ndilo lilikuwa jibu langu. Shida ni kwamba Dodoma zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sababu haiishi.

Jicho la kulia lilianza kama kioo cha daladala iliyotoka barabara ya vumbi, ila hili hata ufute vipi halifutiki. Usiku taa ya bodaboda ikija mbele yangu ilitawanyika kama imemwagwa. Halafu, ajabu, kwa miezi kadhaa nikawa nasoma gazeti bila miwani. Nikatamba kwa majirani kwamba macho yanarudi ujanani. Kumbe ndiyo dalili yenyewe: lenzi inavyozidi kuwa nzito inaongezeka nguvu, unaona karibu kwa muda, kisha napo panafifia. Siku moja nikampa kijana wa bodaboda noti ya tembo nikidhani ni ya simba. Mungu ambariki, alinirudishia.

Hata hapo sikwenda. Sisi wa Ugogo tumekua tukijua ugonjwa wa macho ni vikope: nzi, vumbi, kope zinageuka ndani na kukwaruza, na bibi anazing'oa kwa kibano. Jicho lisilouma wala kutoa tongo, mtu unaliona bado zima. Jirani akaniletea asali ya kudondoshea. Nilidondoshea wiki nzima (naona aibu kuandika) na nilichopata ni jicho jekundu. Ukungu hauko juu ya jicho, ni lenzi yenyewe ya ndani iliyochafuka, na hakuna tone linaloweza kuusafisha.

Lakini niseme ukweli, mavuno yalikuwa kisingizio. Nilikuwa naogopa. Kuna mzee wa kanisani kwetu alipasuliwa na hakuona tena, na habari yake ilinikaa kichwani kuliko za wote waliopona. Baadaye nilipozungumza naye vizuri, akaniambia alikuwa na presha ya macho pia, iliyokuwa imeshaua mshipa wa kuonea kabla hajaguswa. Upasuaji wa mtoto wa jicho haurudishi kilichouawa na presha hiyo. Ndiyo maana wanapima vyote viwili kwanza. Ningemuuliza miaka miwili mapema!

Kilichonitoa nyumbani ni mkasi. Aprili tunapogoa, na kwenye kila tawi unaacha macho mawili au matatu ya kuchipua. Nilimaliza mstari mzima nikiwa na furaha zangu, mjukuu akapita nyuma yangu akasema, "Babu, mbona huku umekata macho yote?" Nikapapasa kwa kidole. Kweli, matawi matupu. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye benchi la kliniki mjini.

Sasa huduma yenyewe. Hospitali siitaji. Daktari nampa alama zote: alinichorea jicho nyuma ya kadi, akanieleza lenzi mbovu inatolewa na ya bandia inawekwa, na kwamba hakuna haja ya kusubiri "likomae", kwa sababu likikomaa sana linakuwa gumu na kazi inakuwa kubwa zaidi. Mapokezi siwapi alama hizo. Bei niliambiwa vipande vipande, leo vipimo, kesho lenzi, na matone ya kutumia nyumbani nikayasikia siku ya mwisho kwenye dirisha la malipo. Mashine ya kupimia nguvu ya lenzi haikuwa inafanya kazi, nikarudi mara mbili. Nauli ya mtu wa kijijini na msindikizaji wake hakuna anayeihesabu. Ulizeni jumla yote siku ya kwanza, na waandike.

Siku yenyewe nilifika saa moja asubuhi, nikaingia saa nane mchana. Presha, sukari, matone ya kupanua mboni, kisha sindano ya ganzi kando ya jicho. Hiyo sindano unaisikia, nisikudanganye, kama kusukumwa na kidole kigumu. Baada ya hapo ni mwanga tu, na maji yakitiririka kuelekea sikioni. Muuguzi ananiambia, "Babu, usitikise kichwa." Daktari akawa anamtania kuhusu mechi ya Yanga, na hapo ndipo hofu ikanitoka. Mtu anayeogopa kazi yake hawezi kutania hivyo. Haikufika nusu saa.

Kesho yake wakafungua bandeji. Nilifumba la kushoto, nikaona shuka la bluu. Nikafumba la kulia, shuka lile lile likawa kama limelowekwa kwenye chai. Nilirudia mara nyingi mpaka wa kitanda cha pili akacheka. Nyumbani nikaona utando wa buibui darini, nikauliza umekuwepo tangu lini. Mke wangu hakunijibu.

Mwezi uliofuata ndio mgumu kwa mkulima: matone kwa saa, usisugue, usiiname kubeba ndoo, maji yasiingie jichoni, na upepo wetu wa Juni ukikutafuta na vumbi lake. Miwani ya jua ilinifanya niitwe "bosi" mtaa mzima. Kusoma bado nahitaji miwani, maana lenzi niliyowekewa ni ya kuonea mbali. Hilo daktari alinieleza mapema, sina malalamiko.

La kushoto limepangwa Septemba, katikati ya mavuno. Zabibu watakata wajukuu.