Nyota moja kwa gereji, na hiyo moja yenyewe bado naifikiria

Naandika nikiwa bado na hasira, atakayeona ni kelele apite. Wiki kadhaa zilizopita, baridi ilikuwa haijaisha, nilipeleka Dodge Dart yangu ya 1968 kwenye gereji moja ya tairi hapa Columbus, Ohio, jina silitaji. Tairi nne, kutoa kuukuu kuweka mpya, kazi ya saa moja. Upande wa kulia wakamaliza safi kabisa, hata kahawa yangu haijapoa. Wakahamia upande wa dereva.

Pale mapokezi kuna kioo unaona mpaka ndani. Namwona kijana kashika ile mashine ya upepo, anabonyeza, nati haitoki. Anabonyeza tena, anaongeza nguvu, mara nikasikia ka! Nikajipa moyo labda ni gari la jirani. Ka! ya pili, nikasimama. Nafika mlangoni inalia ya tatu. Boliti tatu kati ya tano chini, zimekatika kama vipande vya muhogo mkavu, na kijana ananiangalia kana kwamba mimi ndo nimezikata.

Sa ngoja niwaambie kosa lenyewe maana ndo linaloniuma. Chrysler, kampuni yenye Dodge na Plymouth, miaka ile walikuwa wanaweka nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume. Unazungusha kwenda kulia ndo inatoka, ukizungusha kama ulivyozoea unazidi kuibana. Waliamini tairi la kushoto likizunguka kwenda mbele linaweza kulegeza nati za kawaida. Na wameandika, kwenye ncha ya boliti kuna herufi L, ukiinama unaiona, haihitaji digrii. Mzee aliyeniuzia hii gari aliniinamisha siku ile ile ya kwanza, magoti yake yanalia, akashika kidole changu akakiweka juu ya ile L. Akaniambia wakikwambia nati zimeshika kutu waambie waache, usiwape nafasi.

Basi bosi wao akatoka anafuta mikono. Mimi hakunisalimia wala hakuniangalia, aliiangalia gari juu mpaka chini akasema, ndo maana waliacha kuyatengeneza haya.

Jamani!

Hivi wewe bwana unajua nani aliacha kutengeneza nini? Dart ndogo imeanza 1963, na mwenzake Plymouth Valiant alishatangulia tangu 1960, kipindi Volkswagen zinawachukulia wateja na Detroit nzima, mji wa viwanda vya magari, inakimbizana kutoa gari ndogo. Ndogo kwa Wamarekani lakini, maana mle ndani mnakaa sita na mmoja wenu akiwa na kitambi. Injini imelala upande nyuzi 30, ukifungua boneti utadhani imeegemea ukuta inasikiliza umbea wa majirani, na wazee wa hapa wakiiongelea ni kama wajomba zetu wakiongelea Peugeot 504. Inadai nini? Mafuta, plagi, na kile kikauri cheupe cha umeme wa plagi ambacho kila mwenye Dart anatembea na spea yake kwenye dashibodi, kikiungua gari linawaka ukiwa umeshikilia ufunguo, ukiachia linazima. Unabadilisha kwa bisibisi, safari inaendelea.

Halafu 1976 kampuni ikaiua yenyewe kwa mkono wake. Wakaleta Dodge Aspen na Plymouth Volaré, jarida la Motor Trend likazipa tuzo ya gari la mwaka, makofi, vifijo, kumbe mabodi ya mbele yanaliwa na kutu gari likiwa bado bichi, zikawa zinaitwa kurudi kwenye marekebisho, hili likiisha linakuja jingine. Kufika 1979 Chrysler inaililia serikali iwadhamini mkopo, wakadhaminiwa dola bilioni 1.5. Sisemi Aspen peke yake ndo iliwafikisha hapo, kulikuwa na mengi, ila aliyezoea Dart ukimpa kutu atarudi kwako kufanya nini? 2012 wakalifufua jina la Dart, wakalivalisha gari lenye asili ya Alfa Romeo Giulietta ya Italia, 2016 likazikwa tena. Sasa hapo kosa la gari yangu ni lipi?

Haya yote sikumwambia, mjue. Nilimwambia "okey". Maneno yalinijia njiani nikiwa nimekaa kwenye brekidauni, Dart yangu nyuma imebebwa kama mgonjwa, nikawa naongea peke yangu mpaka dereva akaongeza sauti ya redio.

Na kabla ya hapo walinipa bili ina mstari wa muda wa fundi upande wa kushoto. Yaani nilipie muda wa kunivunjia! Ila dada wa mapokezi, huyu nampa haki yake, alichukua kalamu akaukata ule mstari bosi kasimama pale pale, halafu akanilipia na brekidauni kwa akaunti ya ofisi. Kwa ajili yake nilikuwa nishaandika nyota mbili.

Na nikisema ukweli wote, mimi mwenyewe nilisahau kuwaambia. Nilishika simu, nikakabidhi ufunguo, nikakaa. Kijana yule hata miaka ishirini sidhani, hii gari inaweza ikawa inamzidi umri baba yake, angejulia wapi? Nilitaka kufikisha tatu.

Lakini hapana. Fundi wa mtaa wa Gerezani pale Dar akiletewa gari asiyoijua anainama kwanza, anakuuliza, kaka hii inafunguliwaje? Huyu alivunja ya kwanza hakuuliza, ya pili hakuuliza. Na bosi hajasema samahani mpaka leo. Moja, inatosha.

Boliti mpya zimefika, zina L zao, mzee kaja na nyundo yake tumezifunga wote. Sasa tairi zangu mbili nilizolipia bado ziko kule na yule dada ameshanipigia mara mbili. Nitaenda Jumamosi. Rimu za kushoto nimeshazibandika plasta nyeupe, nimeandika kwa Kiingereza, herufi kubwa, kwa maka penseli, maana yake: UNAFUNGUA KWENDA KULIA.