Mizani ya sangara na bunduki ya risasi moja

Jirani yangu hapa Pasiansi ni mama anayenunua sangara Mwaloni Kirumba na kuwauza kwa vipande. Ana mizani ya kuning'iniza, ya ndoano, uso wake kama saa ya ukutani, na Jumapili huwa haina kazi. Nilipomwomba aniazime aliniuliza, "Babu, umeanza kuvua?" Nikamjibu kwamba nina samaki wa chuma. Akaja kuchungulia. Bunduki nilikuwa nimeifungua vipande viwili, mtutu huku na kitako huku, nimeitia kwenye salfeti na kuitundika kwenye boriti ya baraza. Karatasi yake inasema kilo 2.7. Mshale ukasimama kwenye tatu na nusu kasoro kidogo.

"Wenzio wanapunjwa, wewe umeongezewa," akasema, akaenda zake.

Kiwanda hakikudanganya. Wao walipima chuma na mti tu. Mimi nilipima pamoja na darubini na vikuku vyake, mkanda wa ngozi, na risasi tano kwenye mfuko wa kitako. Huo ndio mzigo utakaopanda nao kilima, kwa hiyo ukisikia muuzaji anakutajia uzito, muulize ni uzito wa bunduki iliyovaa au iliyo uchi.

Nimefanya kazi ya wanyamapori miaka mingi, tangu nilipotoka kwenye mafunzo hapahapa Pasiansi, na miaka hiyo karibu yote nilibeba bunduki ya .458, namba inayotaja upana wa risasi kwa inchi. Bunduki ile unaibebea nyati na tembo waliokorofika, huilalamikii uzito kwa sababu siku ikihitajika hutaki nyepesi. Sasa nimestaafu, goti la kushoto limechoka kunizidi, na ninachotafuta kwenye kibali changu ni swala. Sheria haikuruhusu kupiga ukiwa ndani ya gari, basi ni mguu, saa nne au tano juani. Ndipo nikaanza kuitafuta bunduki nyepesi ya risasi moja, ya .243.

Kwa nini risasi moja? Bunduki ya bolti, yaani yenye komeo unalolivuta nyuma kila unapotia risasi nyingine, inahitaji nafasi ya bolti kurudi nyuma na nafasi ya magazini ya kuwekea risasi. Hii ya kukunjika, ambayo unainamisha mtutu na kutia risasi kwa mkono, haina vyote viwili. Mtutu unaanzia pale pale mkono unapoishia, kwa hiyo mtutu ukiwa wa sentimita 56 bunduki nzima inakuwa fupi kwa kama sentimita kumi kuliko ya bolti yenye mtutu uleule. Kwenye vichaka vya migunga sentimita kumi ni kitu kikubwa. Na ukiifungua inaingia kwenye begi la kawaida, hupandi nayo gari abiria wote wanakukodolea macho.

Kabla ya kununua nilizishika mbili za wenzangu. Ya kwanza Ruger No. 1, ile ambayo ukisukuma wenzo wa chini kizibo cha chuma kinashuka na chemba, pale risasi inapokaa, inabaki wazi. Ni bunduki ya heshima, imara kama mawe ya Mwanza, lakini si nyepesi, na mimi nilikuwa natafuta wepesi. Ya pili Blaser K95 ya Ujerumani. Hiyo mwili wake ni wa aluminiamu, inacheza kwenye kilo mbili na nusu, na unaitega kwa kusukuma kitufe kwa dole gumba wakati tu unapotaka kupiga, kwa hiyo unatembea nayo ina risasi lakini haijategwa. Niliipenda mpaka nikauliza bei. Niliirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Niliyonunua ni ya bei ya chini, ya kukunjika, yenye nyundo ya nje. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakazosema huenda ni za hii yangu peke yake.

Kwanza, teke. Watu hununua bunduki nyepesi wakasahau kwamba bega ndilo linalolipa. Hesabu yake si ngumu: risasi ni ileile, baruti ileile, ukipunguza uzito wa bunduki kwa robo, nguvu ya teke inapanda kwa theluthi. Kwa .243 unavumilia, maana risasi yenyewe ni ndogo. Lakini rafiki yangu alinunua nyepesi kama hii ya .30-06, risasi yenye nguvu zaidi, na risasi ya sita alikuwa anafumba macho kabla ya kuvuta. Mtu anayefumba macho hana shabaha hata umpe darubini ya milioni mbili.

Pili, na hapa ndipo nilipokwama miezi mitatu, ni kifyatulio. Nilikuwa napiga vizuri nikiwa nimelala na kitako kimeegemea mfuko wa mchanga. Nikisimama, nikaegemea fimbo tu, risasi inakwenda kulia. Nikalaumu darubini, nikalaumu macho, nikalaumu hata chai ya asubuhi. Jumapili ileile, mizani ikiwa bado inaning'inia, nikapata wazo. Nikaiunga bunduki, nikahakikisha mara mbili kwamba chemba ni tupu, nikaitega, nikaifunga kitako kwenye benchi, halafu nikapitisha ndoano ya mizani kwenye kifyatulio na kuvuta taratibu. Mshale ukapita moja, ukapita mbili, ukapita tatu. Nyundo ilianguka mshale ukiwa juu kidogo ya tatu.

Hebu fikiria. Bunduki yenyewe ni kilo tatu na kitu, na kidole kinatakiwa kuvuta karibu kilo hizohizo. Bunduki nzito ingekaa, uzito wake ungeishika pale ilipo wakati kidole kinahangaika. Nyepesi inakifuata kidole. Nilirudia mara tano, jibu lilelile. Nikaipeleka kwa fundi mwenye kibali, akaifanyia kazi siku mbili, na niliporudi kupima ilisoma kilo moja na nusu hivi. Shabaha ya kusimama ikarudi katikati. Usijaribu kuisugua mwenyewe kwa msasa, hata kama umeona mtu anafanya kwenye video. Kifyatulio kilichosuguliwa vibaya kinaweza kuachia bunduki ikianguka.

Tatu, mtutu mwembamba unapata joto upesi. Kwa mita 100 risasi mbili za kwanza zinakaa karibu kugusana. Ya tatu inapanda, kwangu kama upana wa vidole vitatu. Sababu nyingine ni ule ubao wa mbele unaofungwa kwa skurubu chini ya mtutu: ukiikaza sana leo na kuilegeza kesho, unabadilisha mahali risasi inapopiga. Mimi nimeichora alama kwa rangi ya kucha, naikaza mpaka alama zikutane, basi. Nikipima shabaha napiga moja, nangoja mtutu upoe, ndiyo napiga nyingine. Porini risasi inayohesabika ni ile ya mtutu baridi.

Iliyoniudhi kweli ni ganda kukwama. Risasi ya .243 haina ukingo uliojitokeza, kwa hiyo kwenye bunduki ya kukunjika kuna ukucha mdogo wa springi unaotakiwa kuingia kwenye mfereji wa ganda na kulivuta. Msimu uliopita, upande wa Meatu, jua la saa saba na vumbi, nilipiga swala akaanguka papo hapo, Mungu saidia. Nikafungua bunduki nitie nyingine, ukucha ukateleza, ganda likabaki ndani. Nililitoa kwa kusukuma fimbo ya kusafishia kutoka mdomo wa mtutu. Je, swala angekuwa ameinuka? Tangu siku hiyo nasafisha chemba kila jioni, na ile fimbo ya vipande haikai kambini, inakaa mgongoni. Huo nao ni uzito.

Nyundo ya nje pia ina ujinga wake. Ukiweka darubini, dole gumba halifiki vizuri. Lazima ufunge kipande cha kuongezea pembeni. Na inalia, tik, sauti ambayo swala wa hatua hamsini anaisikia vizuri kuliko wewe.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa swala na kwa goti hili, na fedha ya fundi ningeitenga kabisa tangu mwanzo. Anayeanza kuwinda ningemwambia achukue ya bolti kwanza. Na mwenye mpango wa nyati asiiguse, nyati anadai .375 kwenda juu na risasi ya pili iliyo karibu. Nenda kaishike kabla hujalipa, iinue begani umefumba macho, ufumbue: kama jicho halipo nyuma ya darubini, kitako si chako.

Mizani niliirudisha jioni ile. Mama aliipokea, akaingia ndani, akatoka na jiwe lake la kilo moja, akalitundika mbele yangu na kuusubiri mshale utulie.