Tiketi ya hoki ya BU pale Agganis: usiende kuhesabu magoli tu

Naandika hii kwa wadau wa Boston, Lowell na Worcester wanaoniuliza kama tiketi ya hoki ya barafu ya chuo cha Boston University (BU) inafaa pesa, hasa tangu nyota wao, yule kijana Macklin Celebrini, alipoondoka 2024 akasaini na San Jose Sharks, timu ya kulipwa. Inafaa, nyota nne na nusu, lakini wengi wenu mnaenda kule kuangalia goli peke yake alafu mnarudi mnalalamika ati mbona nimelipa na jamaa mwenyewe hakufunga.

Ukumbi kwanza. Agganis Arena iko Commonwealth Avenue, treni ya Green Line tawi la B inapita hapo hapo nje kwa hivyo gari liache nyumbani, unaingiza watu elfu sita na kidogo na popote utakapoketi unaona vizuri. Kama umezoea ile barafu ya hoteli ya Panari pale Mombasa Road, Nairobi, jua hii ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali na wanaume wanagongana kweli kweli kwenye zile mbao za kuzunguka uwanja. Beba sweta. Bendi ya wanafunzi inapiga usiku wote na hao wanafunzi wenyewe wana midomo, ukienda na mtoto mdogo usiketi upande wao. Bisi ni bisi, mimi hula nyumbani.

Nusu nyota nimeikata kwa sababu ya tovuti moja ya kuuza tiketi mkono wa pili, sitaji jina, niliona bei tamu nikashangilia, kufika kulipa wakaongeza ada juu ya ada mpaka nikajiuliza kwani nimenunua viti viwili. Nunua moja kwa moja kwa ofisi ya tiketi ya chuo basi.

Sasa mambo yenyewe. Msimu wa 2023-24 Celebrini alicheza mechi 38, magoli 32, asisti (pasi za goli) 32, jumla pointi 64, maana kwenye hoki goli ni pointi moja na asisti ni pointi moja. Ni nyingi, sikatai, lakini hakuwa wa kwanza! Jirani zao Boston College (BC), hao wako mwisho wa reli hiyo hiyo ya B, walikuwa na Will Smith mwenye pointi 71 na Cutter Gauthier aliyefunga magoli 38 na kumaliza na pointi 65. Tuzo ya Hobey Baker, ambayo hupewa mchezaji bora wa hoki ya vyuo Marekani, ikaenda kwa nani? Celebrini. Na Smith aliyeongoza nchi nzima kwa pointi hata hakuingia tatu bora. Kuna watu mpaka leo wamenuna.

Wanasema ni umri ndio uliwalainisha wapiga kura, manake alikuwa na miaka 17 tu, mdogo kuliko wachezaji wote wa vyuo msimu ule, anapambana na watu wa miaka 23 wenye ndevu. Umri ulisaidia, haya. Ila mimi nimekaa pale nikamwangalia na nakwambia sio umri peke yake.

Yaani hoki iko hivi, mchezaji anaingia barafuni anakimbia kama sekunde 45 hivi kwa nguvu zote, anatoka anaingia mwingine, na kwenye hizo sekunde kile kisahani cheusi, ndio mpira wao, anakuwa nacho kidogo sana. Muda uliobaki anafanya nini? Hapo ndipo utamjua nyota na mwenye jina tu. Mastaa wengi shambulizi likifa wanainuka mgongo, wanateleza taratibu kurudi, kazi ya kukaba ni ya mabeki. Celebrini alikuwa anageuka papo hapo, miguu haijapoa, anamfukuza mwenye kisahani kutoka nyuma, akimfikia hamsukumi, anapitisha fimbo yake chini ya fimbo ya yule jamaa anainyanyua kidogo tu, kisahani kinabaki peke yake, anakichukua anageuka tena wanaenda mbele. Hiyo kwenye karatasi ya takwimu ya magazeti haipo popote. Goli la wapinzani ambalo halikuingia haliandikwi.

Alafu kuna kuchokoza penalti. Anapita kati ya watu kwa mwendo ambao beki akichelewa kidogo anamshika au anamkwatua, beki anaenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika 2, BU wanacheza watano kwa wanne, beki wao Lane Hutson anagawa pasi kule nyuma, mtu mwingine kabisa anafunga. Jina la Celebrini kwenye goli hilo hulioni, lakini aliyelileta ni nani? Na hata asipoguswa, wawili wanamkimbilia yeye, mwenzake anabaki na uwanja. Sisi watu wa mpira tulishajifunza hili kwa Kanté, yule kiungo mkabaji, sijui kwa nini tukifika kwenye hoki tunasahau.

Ndio maana nasema lipa uende, usitegemee TV. Kamera inafuata kisahani tu, kuangalia mchezaji wa aina hii kwenye skrini ni kama kwenda harusi ukaonyeshwa keki.

Mtaniambia mbona hakuwapa BU kombe basi. Kweli hakuwapa. BC waliwapiga 6-2 fainali ya Hockey East, ligi yao, pale TD Garden, alafu tarehe 11 Aprili 2024 kule St. Paul, Minnesota, wakatolewa nusu fainali ya kitaifa na chuo cha Denver 2-1 dakika za nyongeza, kesho yake kijana akapewa Hobey Baker, sijui hata alikuwa na sura gani ya kutabasamu. Mtu mmoja hashindi kombe. Lakini angalieni fainali ya kitaifa, Denver 2, BC 0. Ile BC yenye Smith na Gauthier na magoli yote yale haikupata hata moja!

Kaka yake Aiden, beki wa BU msimu ule, hakuwa wa kukupa magoli ila alikuwa mzuri wa kujifunzia macho. Kwa wanaoenda msimu unaokuja: Usinunue kiti cha kwenye kioo, pale unaona jasho na meno lakini hujui nani amesimama wapi, chukua cha juu kidogo nyuma ya goli, chagua mchezaji mmoja, mwangalie yeye tu shifti nzima, zile sekunde 45 zake, hata kama kisahani kiko upande mwingine. Mechi za BC acha kama mfuko hauruhusu, bei inapaa, chukua timu isiyo na jina kubwa, barafu ni ile ile na kiti utapata kizuri zaidi.