Kushona bega kwa kamera: inafaa, ila si kwa kila bega

Kwa kijana mwanamichezo ambaye bega limechomoka kwenda mbele na gegedu la ukingo wa kikombe cha bega (tundu la mfupa linaloshika kichwa cha mkono) kubanduka, upasuaji wa kamera tunaupa alama za juu. Ni vitundu viwili au vitatu tu, vya kuingiza kamera ndogo na vifaa. Daktari hukwangua ukingo wa mfupa hadi uvuje damu kidogo (pakavu hapashiki), hupachika nanga ndogo zenye uzi, kisha hulivuta gegedu lirudi mahali pake na kulifunga. Uliza idadi ya nanga: tatu kwenda juu. Mbili ni ubahili, bega huweza kulegea tena.

Udhaifu wake ni mfupa. Kila bega linapochomoka, ukingo wa kikombe huweza kumegeka. Ukishapungua kwa zaidi ya asilimia 20 hivi, kushona peke yake hakutoshi, na mara nyingi hupandikizwa kipande cha mfupa. Kwa hiyo dai skani ya CT, picha inayoonyesha mfupa uliobaki, kabla ya kupangiwa tarehe.

Baada ya upasuaji mkono huning'inizwa shingoni kwa kitambaa wiki 4 hadi 6. Kwapa huchubuka kwa jasho: inama, acha mkono uning'inie, pangusa, kausha. Michezo ya kugongana husubiri takriban miezi 6, kocha apende asipende.