Uzoefu wangu na Reaper kwa anayemiksi hevi metali nyumbani (niko Dodoma)

Wakuu habari. Kuna dogo aliniuliza kama lazima awe na programu za mamilioni ndo apate metali iliyoshiba akiwa chumbani kwake, nikaona nijibu kwa urefu maana swali hili linarudi rudi. Mimi napiga gitaa na ndo namiksi kazi za bendi yetu, chumba changu kiko Nkuhungu, na kila kitu kuanzia kurekodi mpaka masta (kuikamilisha sauti ya mwisho) nakifanyia Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi muziki kwenye kompyuta. Kwa kifupi inatosha, tena inatosha sana, ila ujue mapema kwamba haikupi sauti ya metali ikiwa tayari, inakupa vifaa vya kuitengeneza na kazi inabaki kwako.

Kilichonivuta kwanza ni wepesi wake. Faili la kuinstolia ni dogo mno, bando la kawaida linalishusha bila kuumia, na linakubali Windows, Mac mpaka Linux. Laptopu yangu ni ya zamani lakini inabeba gitaa nne, besi, dramu zote na sauti, na plagini (viprogramu vya nyongeza) za ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, zikianza kuikaba prosesa naigandisha treki (njia ya chombo kimoja), yaani Reaper inaigeuza kuwa sauti iliyokwisha pikwa na kuzipumzisha plagini, nikitaka kubadili kitu naiyeyusha naendelea. Halafu ina sehemu ya kujisevu yenyewe kila baada ya dakika unazotaka, na kwa sisi ambao umeme unaweza kuondoka katikati ya miksi hilo peke yake lina thamani.

Bei: siku 60 unaijaribu bure ikiwa imefunguliwa kila kitu, baada ya hapo leseni ni dola 60 kwa matumizi binafsi au biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka, wakubwa wanalipa 225. Kwa pesa yetu ni kama laki na nusu, inategemea dola imeamkaje. Ukinunua ukiwa kwenye toleo la 7 unaenda nayo mpaka mwisho wa toleo la 8. Kampuni inaitwa Cockos, ya Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp tuliyokuwa tunapigia mp3 kwenye intaneti kafe. Naona vijana wengi wanahangaika na programu za kukraki zilizojaa virusi na inaniuma, kwa sababu hii bei mtu anaweza kuichanga taratibu.

Sasa gitaa, maana metali ndo hapo. Reaper haina ampu ya maana ndani yake. Mimi natumia Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, ni ya bure, unapakia ampu ambazo watu wamezinasa, baada yake unaweka IR (faili lililonasa mlio) ya kasha la spika. Gitaa linaingia moja kwa moja kwenye Scarlett 2i2 (kiboksi cha kuingiza sauti kwenye kompyuta), hakuna maiki hakuna kelele, naweza kurekodi saa nane usiku na mama mwenye nyumba asijue. Rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) moja naipiga mara mbili, kweli kweli kwa mkono, moja kushoto kabisa nyingine kulia kabisa. Ukikopi treki ileile ukaipeleka upande wa pili hupati upana wowote, unapata mono yenye sauti kubwa tu. Kabla ya ampu naweka plagini ya tyubu skrima (inaiga pedali ya kusukuma ampu), draivu chini kabisa levo juu, inapunguza besi kabla haijaingia kwenye distosheni ndo maana palm-myuti (noti unazozizima kwa kiganja) zinakuja zimekaza. Na gein (kiasi cha distosheni) punguza, ukishadabo treki utaona imerudi yenyewe.

Baada ya ampu nafungua ReaEQ, plagini ya Reaper ya kupandisha na kushusha masafa ya sauti, nakata chini ya Hz 80 mpaka 100, nakata juu ya kHz 10 hivi, halafu natafuta ule mlio kama nyuki waliochokozwa ambao unakaaga kati ya kHz 4 na 8, nabana bendi iwe nyembamba, nainyanyua, naitembeza taratibu, nikifika panapochoma sikio naishusha. Kitu kingine ambacho kimenifanya nisiachane na Reaper ni ReaXcomp, kompresa inayobana kila bendi ya masafa peke yake. Palm-myuti zina kile kishindo cha Hz 100 mpaka 250, ukikikata kwa EQ kodi (noti zinazopigwa pamoja) zilizo wazi zinakonda, ukikiacha kila kishindo kinaifunika kiki (dramu ya mguu). ReaXcomp inabana bendi hiyo tu, na inabana pale mkono unapolala kwenye nyuzi, ukiuinua inaachia. Hiyo imo ndani, hulipii kitu.

Besi ndo watu wanaidharau kuliko vyote. Sisi tunatyuni drop C (uzi mnene unashushwa mpaka noti ya C), noti ya chini ya gitaa ni kama Hz 65 na ya besi ni karibu Hz 33, kwa hiyo ile nguvu unayosikia ukadhani ni gitaa mara nyingi ni besi iliyokaa chini yake. Naigawa treki mbili: chini ya Hz 200 inabaki safi na imebanwa sana, juu ya hapo naipa distosheni mpaka inakwaruza. Ukiisikiliza peke yake inatisha, rudisha gitaa uone ukuta unavyojaa. Kiki naipa mlio wa kugonga karibu na kHz 4 ili dabo kiki (mapigo ya haraka ya miguu miwili) isipotee, na ReaComp, kompresa ya Reaper, inaishusha besi kidogo kila kiki inapopiga, unaburuta tu kutoka kwenye treki ya kiki kwenda chaneli 3 na 4 za besi. Dramu zenyewe ni MT Power Drum Kit, plagini ya dramu, bure pia. Mpiga dramu wetu amekulia Mvumi, kwenye wimbo mmoja tumefungua na muheme, zile ngoma wanazopiga akina mama wa Kigogo, hizo sikuzibana kabisa nimeziacha zipumue mpaka gitaa zinapoingia.

Chumba nacho ni mtihani ambao hakuna programu itakufanyia. Kuta za bloku, chini taili, upana mita 3, na upana huo unajenga mawimbi ya kusimama (sauti inayogonga kuta na kuvimba au kupotea mahali mahali) kwenye Hz 57 na tena 114, palepale kiki na besi zinapoishi. Nimesimamisha magodoro kwenye kona na mablanketi mazito pembeni, imesaidia katikati na juu, kule chini bado naamini hedifoni ya DT 770 kuliko spika. Halafu naenda kusikiliza kwenye bajaji ya mshikaji. Sauti za kuunguruma tunarekodi mchana, na kuanzia Desemba mpaka Aprili unaangalia wingu kwanza, mvua ikigonga bati hakuna maiki itakayovumilia.

Masta: ReaLimit (kizuizi cha kilele cha sauti) mwishoni, isile zaidi ya desibeli 2 au 3, na dirisha la kurenda (kutoa faili la mwisho) lina jaribio kavu linalokupa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) na piki halisi (kilele cha sauti) bila kutoa faili. Spotify wanasawazisha kwenye -14 LUFS, lakini metali ya -14 inasikika imelegea kwangu, nakaa karibu na -9, na wenyewe wanashauri ukizidi -14 basi piki isipite -2. Kuipandisha masta kupita -9 sipendi. Mwaka 2008 Death Magnetic ya Metallica ililalamikiwa na mashabiki wake wenyewe kwa kubanwa mpaka kupasuka, wakati nyimbo zilezile kwenye gemu la Guitar Hero zilikuwa zinapumua.

Mabaya yake yapo. Sura yake ni ya kizamani, menyu ni nyingi mpaka unapotea, na haina sauti za vyombo vya kukuanzishia, kwa hiyo anayefanya bongo fleva au singeli na anataka biti ndani ya dakika tano atateseka. ReaEQ haina bendi zinazojiongeza na kujipunguza zenyewe, ReaVerb (ya mwangwi) haiji na IR, unaleta zako. Ila kitabu cha maelekezo ni bure kwenye tovuti yao na video za mafunzo za Kenny Gioia zipo palepale, shusha ukiwa na waifai uangalie nyumbani.

Naipa 9 kwa 10. Leseni nimeshalipia, hela inayofuata inaenda kwenye kuta za chumba, plagini sina mpango nazo kwa sasa. Mwenye kujua wapi Dodoma au Singida mtu anapata rokuwuli (sufi ya mawe ya kunyonya sauti) ya kujaza paneli aniambie bei.